Mafuta ya Kijiko Kimoja

Wifi yangu Lidia hasemi Machi.
Anasema mwezi wa uzi.
Tarehe mosi hununua Majengo uzi mwekundu wa cherehani,
mweupe anauchomoa kwenye salfeti ya mbolea,
anazisokota pamoja juu ya paja,
kisha anatufunga mkononi, mmoja mmoja,
kama anayehesabu mbuzi wakirudi zizini.
Mwisho wa mwezi tunazifunga kwenye mizabibu.
Wavunaji wapya hudhani ni alama za mpaka.

Mwaka ule wa kwanza sisi tulidhani ni dawa.
Mama aliukata wake kwa wembe,
akautupa uani, kuku wakaugombania.

Kaka yangu Ndahani alikwenda Moldova kusomea zabibu,
akarudi Hombolo na cheti, masanduku mawili,
na mwanamke aliyetamka "Mbukwenyi"
kama anayepuliza chai ya moto.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
Lidia alipewa,
na jembe lile, lililobadilishwa mpini mara nne,
hajaliweka chini mpaka leo.

Kwao, tarehe nane,
wanaume huamka mapema wakapika.
Vibaya, anasema, chumvi nyingi, lakini wanapika.
Na maua. Hata kondakta wa basi, hata bosi mkali,
kila mmoja na ua lake, amelishika kama yai.

Hapa tarehe nane tunavaa sare ya kitenge,
tunaandamana hadi uwanja wa shule,
tunamsubiri mgeni rasmi.
Jua huwahi kabla yake.

Ndahani hakujua kupika.
Aliingia shambani, nyuma ya choo,
akakata alizeti moja iliyofunguka jana,
akaipeleka jikoni bila neno.
Na Mama, kila mwaka, kutoka kwenye kigoda chake:
"Amekata mafuta! Ua haliliwi.
Mtu mzima anapewa chakula cha nyuki!"
Lidia alicheka, akalisimamisha kwenye kopo la maziwa ya unga.
Hatukuwahi kumuuliza
kwa nini anacheka ameugeukia ukuta.

Ndahani tulimzika Novemba, kabla ya mvua.

Mwaka huu uzi ulikuwa mwembamba.
Uwanjani mgeni rasmi alisema "mwanamke ni nguzo"
mara tisa, nilihesabu.
Mimi niliwaza mchwa.
Lidia alishika ncha moja ya bango, mimi nyingine,
upepo ukilitaka.
Dada yake akapiga simu:
theluji imeyeyuka,
nimekuwekea ua kwenye glasi, mbele ya picha yako.
Alimjibu kwa lugha yao, mbiombio,
na katikati nikasikia neno moja likipita
limevaa kandambili: mlenda.
Lugha yao haina.

Tulirudi saa tisa. Majivu yamepoa.
Kigoda kitupu.
Tukaita. Nikatazama njia ya lambo,
maana Mama alizaliwa mwaka wa njaa,
ipi hana hakika,
na miguu yake haimsikilizi tena.

Akatokea nyuma ya choo,
fimbo imetangulia,
alizeti imelala mkononi mwake kama sinia,
nyuki wawili bado wamo ndani,
hawana habari kwamba wamehama.

Hakusema hongera. Hakusema pole.
"Nimekata mafuta ya kijiko kimoja," alisema.
"Kesho utanichumia mlenda, deni liishe."
Kisha akanyoosha mkono,
ule ulioshika wembe:
"Na uzi wangu uko wapi?"

Salfeti ilikuwa imeezekwa bandani kwa kuku.
Lidia alifungua wake, kwa meno,
akamfunga.
Alichukua muda mrefu kwenye fundo.

Usiku mwanawe Chiwanga alipika kunde.
Hakuna aliyemwomba.
Chumvi ilizidi.